Hema la familia yenye gari: tafuta hewa kwanza, idadi ya watu baadaye

Kila likizo ya Juni inapokaribia, ndugu na majirani hapa Ujiji huniuliza wanunue hema gani, na karibu wote huanza na bei. Mimi huwauliza kwanza wanasafiri na nini. Anayekwenda Gombe au Mahale anapanda boti, na kila anachobeba kitapita mabegani mwake. Huyo ana haki ya kutafuta hema jepesi. Lakini familia inayopakia Noah na kuteremka fukwe za upande wa Katonga, au inayofuata barabara ya Uvinza hadi Mpanda kwenda Katavi, haina sababu ya kununua hema la mpanda mlima. Mzigo unabebwa na gari. Hema la kilo 15 au hata 20 litashushwa kutoka kwenye buti na kutembezwa hatua chache tu. Kwa hiyo pesa ambayo ungelipia wepesi, ilipie hewa na kimo.

Namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa hema isikudanganye. Mtengenezaji akiandika “watu 4” anahesabu watu wazima wanne waliolala bega kwa bega, karibu sentimita 60 kwa kila mmoja, bila begi, bila ndoo, bila mtoto anayejigeuza usiku kucha. Hesabu nzuri kwetu ni ya magodoro. Pima sakafu ya hema kwa futi, kisha angalia magodoro yako yataingiaje. Sakafu ya mita 3 kwa 3 ni karibu futi 10 kwa 10. Godoro la 5 kwa 6 na la 4 kwa 6 yatakaa sambamba, na miguuni zitabaki futi 4 za mabegi, viatu na beseni. Hema la ukubwa huo mara nyingi huuzwa kama la watu 6 au hata 8, na familia ya watu watano inalala humo kwa raha.

Angalia pia ukuta unavyopanda. Mahema ya kuba huinamia ndani kuanzia chini kabisa. Godoro lako likiwa nene, inchi 6 kwa mfano, ukingo wake wa juu utagusa kitambaa, na asubuhi shuka la upande ule limelowa. Chagua lenye kuta zinazosimama wima angalau hadi usawa wa goti.

Sasa hewa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo usiku unapoharibika. Ufukweni Kigoma, usiku una joto na unyevu sehemu kubwa ya mwaka. Mtu aliyelala hutoa mvuke kwa pumzi na kwa ngozi hadi asubuhi. Watu watano wakifungiwa ndani ya kitambaa kisichopumua, mvuke ule hauna pa kwenda. Unapanda, unakutana na kitambaa kilichopozwa na hewa ya alfajiri, unageuka maji. Nimewahi kuwasha tochi saa kumi alfajiri nikaona dari nzima imejaa vitone vidogo vilivyokaa karibu karibu. Nilipogusa kimoja, vikaungana na kuteremka kwa mstari mmoja hadi kwenye mto wa mtoto. Mume wangu alidhani hema linavuja mvua. Nje kulikuwa kukavu kabisa.

Ndiyo maana nasisitiza hema la tabaka mbili. Ndani ni chumba ambacho sehemu kubwa ya juu yake ni neti. Nje ni ganda lisilopitisha maji. Kati yake iwepo nafasi ya kutosha kupitisha kiganja bila kugusa upande wowote, hewa itembee. Matone yakijitengeneza, yatajitengeneza kwenye ganda la nje na kuteremka nje, mbali na watoto. Yale mahema ya tabaka moja yenye kidirisha kimoja, yanayopendwa kwa sababu yanajifungua yenyewe ukiyarusha hewani, sishauri kwa familia. Yanafaa kivuli cha mchana, basi.

Fukwe zetu zina upepo unaobadilika na saa. Mchana unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka vilimani kwenda majini. Ukiwa na hema lenye milango miwili inayotazamana, ukaelekeza mmoja ziwani na mwingine mlimani, hewa itapita mchana na usiku bila feni. Na jua nalo lina mwendo wake hapa. Asubuhi vilima vya mashariki vinalichelewesha kidogo. Linalounguza hema ni la alasiri, linalokuja moja kwa moja juu ya maji, kwa hiyo mti wa kivuli uwe upande wa magharibi wa hema lako. Mwembe unafaa sana, ila si msimu wa maembe. Embe bichi linaloanguka kutoka tawi la juu linaweza kuvunja ufito au kumwumiza aliyelala chini yake. Chini ya mchikichi usilale kabisa, makuti makavu hudondoka bila taarifa.

Neti ikaguliwe kwa macho na kwa vidole. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na ndani ya hema ni vigumu kutundika chandarua cha nyumbani, kwa hiyo neti ya hema ndiyo chandarua chenu. Iwe na matundu madogo, iwe imeshonwa vizuri kwenye kona, na mlango wa neti uwe na zipu yake peke yake ili ufungue ganda la nje upate hewa huku mbu wakibaki nje. Kwetu mlango wa neti unafungwa kabla jua halijazama, na kila mtoto anajua kwamba anayeingia anafunga nyuma yake.

Kwa wanaokwenda Katavi nina neno la ziada kuhusu rangi. Kule kuna mbung'o, na mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Hema la bluu ni zuri dukani, lakini msituni litakuletea wageni mchana kutwa. Chukua la kaki, la kijivu hafifu au la kijani kisichokolea. Rangi hafifu pia hupunguza joto la jua.

Kimo ni jambo ambalo wanaume wengi hulipuuza wanapokuwa dukani, na mimi silipuuzi kamwe. Sisi husafiri na mama mkwe wangu, na magoti yake hayampi ruhusa ya kutambaa. Bibi wa watoto akiingia hemani kwa magoti, usiku akitoka kujisaidia kwa magoti, safari ile kwake ni adhabu. Mwanamke anataka kusimama afunge kitenge chake. Kuna kumvisha mtoto, kuna kuswali alfajiri mvua ikiwa nje. Hema lenye kimo cha sentimita 180 au zaidi katikati linakupa yote hayo. Hema refu hushika upepo zaidi, hilo ni kweli, na ndipo kamba na vigingi vinapoingia.

Kabla ya hapo, mvua. Mkoani kwetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo anayepiga kambi Juni hadi Septemba tu hana haja ya kulipia zaidi kwa ajili ya mvua. Anayetaka kwenda hata Pasaka aangalie kibandiko chenye milimita. Ile namba inaonyesha kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hakijaanza kupenyeza. Kwa ganda la nje, 1,500 inatosha kwa mvua ya kawaida, na 2,000 hadi 3,000 ni salama zaidi kwa mvua zetu. Sakafu inataka 3,000 kwenda juu, kwa sababu goti la mtu mzima linalokandamiza ardhi yenye maji lina nguvu kuliko tone linaloanguka. Kisha angalia mishono kwa ndani, iwe imefunikwa kwa utepe. Kitambaa kizuri chenye mishono wazi kitavuja vilevile. Na ganda la nje lishuke karibu na ardhi. Lile linaloishia katikati kama kofia halizuii mvua inayokuja kwa pembeni na upepo wa ziwani.

Fito za faiba ni za bei nafuu, lakini zikipigwa na upepo na jua kwa muda mrefu hupasuka kwa urefu na kuacha vijiti vidogo vinavyochoma mikono. Za alumini hupinda kabla ya kuvunjika. Kwa hema kubwa linalobebwa na gari, fito za chuma nazo ni sawa kabisa, uzito si hoja. Ukinunua lenye faiba, nunua na fito mbili za akiba siku hiyohiyo, maana kuzitafuta baadaye Kigoma ni kazi.

Vigingi vinavyokuja na hema karibu vyote ni vya kutupa. Ni vyembamba, na kwenye mchanga wa ufukweni vinang'oka kwa mkono wa mtoto. Kiangazi, upepo wa kusini ukishika ziwa, hema lililoshikwa na vigingi hivyo litakunjamana juu ya watu. Sisi tunafanya hivi: tunachukua mifuko midogo ya sandarusi, tunaijaza mchanga, tunafunga kamba ya hema katikati ya kila mfuko, tunachimba shimo la kufikia kiwiko, tunauzika na kuukanyaga. Hapo unaweza kuning'inia kwenye kamba isitikisike. Kwa ardhi ngumu ya kiangazi, iwe Katavi au kwa wenzetu wa Tabora, nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie nondo ya milimita 8, urefu wa futi moja, akunje kichwa na kuchonga ncha. Vigingi hivyo utawarithisha wanao. Beba na nyundo.

Wanaoniuliza kuhusu turubai nzito la pamba: linapumua vizuri kuliko nailoni na lina ubaridi mchana, ila ni zito sana, linachelewa kukauka na ni ghali. Ukiwa na pikapu na watu wa kusaidiana, ni zuri mno. Hema la juu ya gari nalo lina wapenzi wake, lakini mengi yana kilo 50 na zaidi, na paa la gari dogo lina kikomo ambacho kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisha uniambie mtoto wa miaka minne anashukaje ngazi saa nane usiku. Mimi silitaki.

Jambo hili nalisema kwa uzito wote nilio nao. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata dakika moja, hata kama limebaki majivu mekundu tu, hata kama ni Julai na mko Tabora kwenye baridi. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki kukohoa, anaendelea kulala hadi anakufa. Baridi itibiwe kwa blanketi, soksi na mkeka chini ya godoro. Jiko likae mbali, upande ambao upepo unapeleka cheche mbali na hema, kwani polista ikishika moto inayeyuka na kumdondokea aliye ndani.

Ukifika dukani, mwambie muuzaji, “Kaka, naomba tulisimamishe.” Akikataa, nenda duka jingine. Likisimama, ingia, funga milango yote, utafute mwanga unaopenya kwenye mishono na sakafuni. Fungua na kufunga kila zipu kwa mkono mmoja, pole pole kisha haraka, hasa kwenye kona ya mlango ambapo hupenda kukwama. Meno yawe makubwa. Zipu nyembamba zikiingia mchanga wa ziwa mara moja hazirudi. Lala chini, unyooshe miguu, umwite na mwenzi wako alale, mwone kama mnatosha. Muuzaji atashangaa, mwache ashangae.

Mitumba si mibaya. Mahema mengi ya mtumba yana fito nzuri kuliko mapya ya bei rahisi. Ila pitisha kiganja kwenye upande wa ndani wa ganda na juu ya sakafu. Ukikuta inanata na inatoa harufu kali ya uchachu, ile rangi ya kuzuia maji iliyopakwa kwenye kitambaa imeshaoza, na hakuna dawa ya maana ya kuirudisha. Tundu la neti au kichwa cha zipu kilicholegea visikutishe, fundi cherehani wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, atavimaliza mchana mmoja.

Mkirudi nyumbani, hema lianikwe siku hiyohiyo, hata kama mnaliona kavu, kwani asubuhi ya ziwani huacha unyevu kwenye mikunjo ya sakafu. Lianike kivulini penye upepo, usiliache juani kutwa, jua hula kitambaa. Lifutwe kwa maji matupu na kitambaa laini, bila sabuni ya unga. Kung'uta mchanga kwenye zipu kwa mswaki wa zamani, kisha pitisha mshumaa juu ya meno yake. Likishakauka, likunje bila kulikaza na uliweke ndani ya nyumba, juu ya kabati au chini ya kitanda. Kwenye buti usiliache, joto la gari lililofungwa ndilo linaloozesha ile rangi ya kuzuia maji.