Saketi bila mchoro

SWALI: Mwalimu, zamani, kabla ya kuchora saketi kwenye skrini, kompyuta ilielezwaje saketi?

JIBU: Kwa maandishi, ndugu yangu. Tazama SPICE, programu ya kompyuta ya kukokotoa volti na mikondo ya saketi, iliyotolewa mwaka 1973 na Laurence Nagel na profesa wake Donald Pederson, Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Iliandikwa kwa Fortran, lugha ya kuandikia programu, na saketi iliingizwa kwa kadi za kutobolewa, kila kifaa na mstari wake:

V1 1 0 10
R1 1 2 1K
R2 2 0 1K

Herufi inataja kifaa: V ni chanzo cha volti, R ni rezista. Namba mbili zinazofuata ni ncha kinapoungwa, na 0 daima ni ardhi, yaani ncha ya volti sifuri. Mwisho ni thamani yake: 10 ni volti, 1K ni ohm 1000. Hapa rezista mbili sawa zinagawana volti 10, hivyo ncha ya 2 itakuwa na volti 5.

Sasa sikia lililonikuta. Mstari wa kwanza huhesabiwa kuwa kichwa cha habari tu, hausomwi kama kifaa. Nikaanza na V1 moja kwa moja. Betri ikapotea, kila jibu likawa sifuri. Nilikagua rezista jioni nzima! Lugha hii naipenda mno, na mistari hiyo mitatu bado inasomeka leo. Tanguliza kichwa kwanza.