Kung'oa jino katikati ya kemo

Dada, umeuliza kama mama, aliye kwenye kemo (dawa za saratani) kwa saratani ya damu, anaweza kung'olewa jino hapo Kigoma kabla hajarudi hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa dozi ijayo. Hapana, asing'olewe, hata kama linamsumbua. Saratani ya damu yenyewe, na dawa juu yake, hushusha chembe nyeupe nzima za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Mara nyingi zinakuwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Chembe za kugandisha damu nazo hupungua. Ukifungua kidonda kinywani wakati huo, bakteria wanapata njia ya kuingia kwenye damu, na kutoka damu kunaweza kugoma kukoma. Nasema hivi kama muuguzi niliyehudumia wagonjwa wa kemo wodini. Jino bovu hung'olewa kabla ya kuanza dawa, angalau siku 10 hivi, kidonda kiwahi kufunga. Sasa mmeshaanza, kwa hiyo apimwe damu kwanza, daktari wa saratani na wa meno wapange siku.

Ila msiache kumsafisha kinywa kwa kuogopa damu! Mswaki laini, na asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku. Mswaki wa mti aweke pembeni, na dagaa wakavu wa kukaanga pia, wanachoma fizi.

Uso ukivimba, usaha ukitoka au joto likifika 38, msingoje tarehe ya Mwanza. Mpelekeni hospitali ya Maweni hapo Kigoma usiku huohuo, na mseme mapokezi kwamba yuko kwenye kemo. Msimpe parasetamo kabla ya kupima joto, inaficha homa.