Kikohozi na mafua yasiyoisha baada ya hamsini: usikubali kuambiwa "ni umri" ukaishia hapo

Mwanamke akishavuka hamsini hapa Moshi, kila ugonjwa wake una jibu lililo tayari. Magoti yakiuma ni umri. Usingizi ukikata ni umri. Kikohozi kikigoma kuondoka, pua ikiziba kila asubuhi, makohozi yakishuka kooni usiku kucha, ataambiwa hivyo hivyo, tena na watu wanaompenda: "Dada, ni homoni hizo, vumilia." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, maana linamtuliza mtu nyumbani wakati alitakiwa awe kwenye foleni ya maabara.

Nianze na huo ukweli wenyewe. Homoni ya estrojeni hupungua miaka ile ya kuelekea kukoma hedhi, na kwa wengi wetu siku hukatika kati ya miaka 45 na 55. Habari ya joto la ghafla tunaijua, ya ukavu ukeni tunanong'onezana. Wachache huambiwa kwamba hata utando wa ndani ya pua na koo unaitegemea homoni hiyo ubaki na unyevu wake. Ikipungua, utando unakauka, kamasi inakuwa nzito, na vile vinyweleo vidogo mno vinavyoisukuma kamasi vinalegea kazini. Kamasi ikikwama kwenye sainasi, yaani zile nafasi za hewa zilizo nyuma ya mashavu na paji la uso, unahisi uso mzito, na ukiinama kuokota kitu kichwa kinagonga. Ikishuka kooni inakukereketa mpaka ukohoe. Tena koo la mwanamke huchokozeka upesi kuliko la mwanaume, ndiyo maana wagonjwa wengi wa kikohozi sugu ni wanawake wa rika letu.

Lakini ukavu peke yake mara nyingi huleta kero tu. Kikohozi cha miezi kwa kawaida kina mwenzake, na huyo mwenzake ndiye wa kutafutwa. Kwangu mimi walikuwa wawili.

Kabla ya tangawizi na asali, tuzungumze jasho la usiku. Mama wa hamsini akiamka shuka limelowa, yeye na shoga zake wanajua moja kwa moja ni nini. Sasa ongeza kikohozi juu yake. Jasho la usiku na kikohozi ni dalili zilizo juu kabisa kwenye bango lolote la kifua kikuu. Mkoa wetu una Kibong'oto kule Siha, hospitali ya TB tangu enzi za mkoloni, kwa hiyo tunajiona tunaufahamu ugonjwa huu: tunamfikiria kijana aliyekonda anayetoka machimboni Mererani. Hatumfikirii mama mwenye mwili wake anayeuza sokoni. Kanuni ni nyepesi: kikohozi kikifikisha wiki mbili, peleka makohozi yakapimwe. Kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali, na dawa ni bure. Ni kweli joto la kukoma hedhi hupanda kifuani na usoni kwa dakika chache likashuka, hata mchana kweupe, wakati jasho la TB huandamana na homa za jioni, chakula kukosa ladha na sketi kulegea kiunoni. Hata hivyo usijipime kwa kunisoma mimi. Makohozi ya asubuhi kwenye kikopo ndiyo yanayojibu. Yangu yalitoka safi, na nikaacha kumtazama mjukuu wangu kwa hofu kila anaponirukia mapajani.

Wa kwanza kati ya wale wawili alifichuliwa kwa swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mama, presha unatumia dawa gani?" Nilikuwa natumia enalapril. Tazama majina yanayoishia na "pril": enalapril, captopril, lisinopril. Ni dawa nzuri za presha, zinalinda moyo na figo, ila zina tabia ya kuleta kikohozi kikavu, chenye mtekenyo hapa kooni, na wanawake hutuandama zaidi. Kinaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya dawa kuanza, kwa hiyo nani atahusisha? Halafu umri wa presha kupanda na umri wa hedhi kukatika ni ule ule, basi lawama yote inaangukia homoni. Daktari alinibadilishia losartan. Kikohozi hakikukatika kesho yake, kilififia taratibu kwa wiki kadhaa. Na tafadhali, usisome hapa ukaenda kutupa vidonge vyako chooni. Presha isiyo na dawa inaleta kiharusi, kikohozi hakileti. Nenda ubadilishiwe.

Wa pili ni kazi yangu. Nauza mitumba soko la Memorial, na anayejua kufungua belo anajua ninachosema. Ukikata ile mikanda, nguo zilizogandamizwa zinafumuka, na kinachotangulia kutoka ni vumbi jembamba la nyuzi, lile unaloliona likielea kwenye mwanga wa jua kati ya mabati, pamoja na harufu ya dawa ya wadudu inayokwenda hadi nyuma ya macho. Pua ya miaka thelathini inapiga chafya mbili tatu maisha yanaendelea. Pua iliyokauka inachukua siku nzima. Siku hizi nafungua belo nje, upepo ukiwa mgongoni kwangu, nimevaa barakoa zile zilizobaki za wakati wa korona, na mtandio niliofungulia belo hauingii chumbani kwangu. Kwa wewe usiyeuza mitumba, vumbi lako lina jina jingine: mashine ya kusaga, pumba za kuku, moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, au nyumba ya kihamba, yaani shamba la ukoo kule mlimani, tunayoifunga mwaka mzima na kuilalia Desemba, magodoro yamejaa vumbi na kuta zina ukungu. Mtangulize mtu afungue madirisha na kuanika magodoro siku kadhaa kabla hamjapanda.

Juni na Julai, wingu likikaa hadi saa sita mchana na baridi ikashika, kuna wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Hilo sijadili kama ni la sainasi. Linaua.

Kilichonisaidia pua kuliko chochote ni maji ya chumvi, na nitaeleza polepole kwa sababu watu wakisikia "kuosha pua" wanakunja uso. Chemsha maji, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa mpaka yawe vuguvugu. Nusu lita, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, koroga. Najua maji ya Moshi yanatoka kwenye chemchemi za mlimani na tunayanywa kwa kujidai, lakini tumboni kuna asidi ya kuua vijidudu na puani hakuna, kwa hiyo chemsha. Wengine huongeza soda ya kuokea kidogo, ile ya maandazi na keki. Magadi tunayotia kwenye kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, siyo hiyo, usije ukajiunguza. Nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, bila sindano yenyewe. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo, sukuma maji taratibu kwenye tundu la juu. Yatatokea tundu la pili. Mara ya kwanza utahisi umezama mtoni, ya tatu utashangaa ulikuwa unaishije. Usipenge kwa nguvu baada ya hapo. Maji yaliyobaki mwaga, kesho tengeneza mengine, na bomba lioshe likauke.

Kama umeandikiwa dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, puliza baada ya kuosha, ukielekeza ncha upande wa sikio badala ya ukuta wa katikati ya pua, na uipe wiki kadhaa kabla ya kusema haifanyi kazi. Ni tofauti kabisa na matone ya kufungua pua. Yale yanafungua ndani ya dakika, ndiyo raha yake, lakini ukiyazoea zaidi ya siku tano hivi pua inaanza kuziba kwa sababu yao, na unabaki unanunua chupa juu ya chupa.

Antibayotiki je? Kijana wa duka la dawa atakuwekea amoksilini mezani kabla hujamaliza sentensi. Mafua mengi ya sainasi yanaletwa na virusi, na antibayotiki haivigusi. Mabaki yake ni kuharisha, na kwa sisi wanawake fangasi, juu ya ukavu ambao tayari tunao. Vidonge vya aleji vinavyoleta usingizi navyo vinakausha zaidi.

Kuhusu kujifukiza, nitawaudhi baadhi. Tangu 2020 nyungu imekuwa tiba ya kila kitu. Mvuke unalegeza kamasi kwa muda, sawa, lakini mwanamke ambaye moto wake wa ndani unapanda bila kuitwa akijifunika blanketi juu ya sufuria inayochemka, anatafuta kuzimia au kuungua. Chai ya tangawizi na mchaichai inakupa mvuke wa kutosha usoni. Asali kijiko kabla ya kulala inatuliza koo kweli, ukiwa huna kisukari.

Usiku una lake pia. Kama kikohozi kinakuja ukishalala, na asubuhi mdomo una uchachu, fikiria kiungulia: kula mapema, acha mbege ya jioni, inua kichwa cha kitanda kwa matofali chini ya miguu yake badala ya kurundika mito. Badala ya blanketi moja zito, panga khanga mbili na shuka, ili jasho likija utoe moja bila kujiacha wazi kifua.

Sasa lile ambalo hata kwenye kikao cha VICOBA hatulisemi. Ukikohoa, mkojo unachuruzika. Nimesimama mbele ya mteja anayejaribu koti, kikohozi kikanishika, nikabaki nimebana miguu natabasamu, nikisubiri aondoke nijifunge khanga ya pili. Misuli inayoshikilia kibofu imebeba mimba zetu zote, estrojeni ikipungua inalegea zaidi, na kila kikohozi kinaisukuma. Wengi wetu tunajitibu kwa kuacha kunywa maji. Matokeo yake kamasi inazidi kuwa nzito, tunakohoa zaidi, na mkojo mkali unakichokoza kibofu. Kunywa maji yako. Halafu jifunze kubana ile misuli unayoitumia kuzuia mkojo au upepo, sekunde moja kabla ya kukohoa. Kila siku ifanyie mazoezi: bana ukihesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Unaweza kufanya ukiwa kwenye daladala, hakuna atakayejua. Usifanye wakati unakojoa. Matokeo huchukua miezi mitatu hivi, na yasipotosha, hospitali kubwa kama KCMC zina wataalamu wa fiziotherapia wanaolishughulikia hilo bila kukucheka.

Kuna mambo ambayo hayasubiri mazoezi wala chumvi: makohozi yenye damu, kupungua uzito bila kupenda, kukosa pumzi, uvimbe kuzunguka jicho au kuona vitu viwili, kichwa kuuma vibaya na shingo kukaza, pua kuziba au kutoa damu upande mmoja tu siku zote. Na japo si habari ya pua, nalitaja kwa sababu ni la umri huu: ukishamaliza miezi 12 bila hedhi, kisha ukaona damu hata tone, hiyo si hedhi iliyorudi kusalimia. Nenda wakuangalie.

Ukienda hospitali, beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na zile za mitishamba na zile ulizopewa na wifi yako. Usiseme "nina mafua" ukanyamaza. Sema kikohozi kilianza lini, kikavu au kina makohozi, kinakuja ukilala au ukiwa kazini, hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Ukijibiwa "ni umri" kabla kifua chako hakijasikilizwa, uliza kwa heshima: "Daktari, TB tumeshaiondoa? Na hii dawa ya presha haiwezi kuwa ndiyo?" Kama kikohozi kimepita wiki nane au pua imesumbua wiki kumi na mbili, omba kuonana na daktari wa masikio, pua na koo, na wenye bima waulize mapema kama inatakiwa barua ya rufaa, msije mkapanda daladala mkarudishwa dirishani.