Kabla ya Kusajili Biashara, Jijue

Nina steshenari Mbagala, na siku hizi kuwajazia watu fomu za BRELA, wanaosajili biashara, na TRA, wakusanya kodi, kunaniingizia kuliko fotokopi. Wengi hudai wafanyabiashara wadogo hawajisajili kwa sababu ya gharama. Mimi sikubali. Jina la biashara halimfilisi mtu, TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure, na ukiwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) mengi yanamalizikia kwenye kompyuta. Kinachomrudisha mtu nyumbani ni hulka yake.

Ninayemwonea huruma zaidi ni mwoga. Alishasikia jirani kakadiriwa kodi kubwa, basi ikitajwa TRA tu anarudisha kitambulisho mkobani. Huyo namwambia tupige hesabu kwanza. Kwa mfumo wa makadirio, ambapo mfanyabiashara mdogo anakadiriwa kodi kwa mauzo yake, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Ukiuza milioni 5 bila kumbukumbu za mauzo zilizoandikwa, unalipa laki moja. Ukiwa na kumbukumbu, ni asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani elfu thelathini. Dada mmoja muuza siagi ya karanga aliposikia hivyo, fomu aliiacha kwanza, akauliza daftari la kaunta bei gani.

Mwenye papara ni kinyume chake. Ndio kwanza ana wateja wawili, lakini anataka kampuni, muhuri na cheo cha mkurugenzi. Kama ni wewe, anza na jina la biashara. Kampuni ina ritani, yaani taarifa za kuwasilisha, za kila mwaka, na faini ya kuchelewa haiulizi kama uliuza.

Mjuaji sihangaiki naye. Fundi seremala wa mtaani kwetu alikuwa akitucheka wenye leseni, mpaka shule binafsi ilipompa oda ya madawati na mhasibu akataka TIN. Siku hiyo alinisubiri mlangoni kabla sijafungua.

Wa “kesho nitakuja” dawa yake ni mwenzake mwenye haraka. Waje pamoja, wamalize siku moja.

Na wewe mpole usiyejua kukataa, jihadhari na vishoka, wale mawakala wa mitaani wasio rasmi. Akaunti ya usajili mtandaoni ifunguliwe kwa simu yako na barua pepe yako, nywila uiweke mwenyewe. Nimeshapokea watu wenye biashara zilizosajiliwa vizuri kabisa, ila kuingia kwenye akaunti hawawezi, na aliyewasajilia hapokei simu.