Picha nyeupe isikudanganye, shika mfupa kwa mkono

Mdogo wangu mmoja kapata nafasi ya kusoma Marekani, kwenye maabara inayojaribu mfupa bandia kwa sungura, juzi kanipigia anauliza kaka nianzie wapi. Hiyo kazi nimeifanya miaka sita, nikaona bora niandike kabisa na wengine wasome.

Iko hivi. Mtu akiwa na pingili za kiunoni zinazocheza na kumuumiza, daktari anaweza kuziunganisha ziwe mfupa mmoja, na mbegu ya kuotesha huo mfupa kwa kawaida inachotwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Sasa hapo nyongani napo panaweza kuuma muda mrefu, ndio maana watu wanatafuta mbadala, chembechembe za seramiki kama haidroksiapataiti na trikalsiamu fosfeti, au ile glasi inayoshikana na mfupa aliyoianzisha mwanasayansi Larry Hench mwaka 1969. Kabla ya kumfikia binadamu nyingi zinapitia kwanza kwa sungura weupe wa New Zealand, pingili ya tano na ya sita za kiunoni, kwa njia waliyoichapisha daktari wa uti wa mgongo Scott Boden na wenzake 1995.

Nilichomwambia dogo kwanza ni hiki, usiamini eksirei peke yake. Hiyo seramiki yenyewe imejaa kalsiamu, kwa hiyo kwenye picha inang'aa nyeupe kama mfupa tangu siku ulipoiweka hata kama hakuna kilichoota. Nakumbuka sungura mmoja wiki ya 12, picha safi kabisa, daraja jeupe kushoto na kulia, watu wote pale wanafurahi. Tukautoa uti, nikashika pingili ya juu kwa mkono mmoja na ya chini kwa mwingine, nikakunja taratibu, na pale katikati pakacheza. Kidogo tu, kama jino la mtoto linaloanza kulegea, ila pamecheza. Tulipokata na kuweka kwenye darubini tukakuta mfupa umeota kule pembeni karibu na pingili tu, katikati chembechembe zimezungukwa na kovu.

Kwa hiyo ukunje kwa mkono siku ile ile, kabla ya kuweka kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, maana inakakamaza kila kitu. Linganisha na kiungo cha juu yake na cha chini yake ambavyo hamkuvigusa. Watu watatu wasiojua sungura katoka kundi gani washike na kukunja, na kila mmoja aandike jibu lake kimya kimya kabla hawajaongea, kwa sababu mkubwa akishatamka "imeshika", yaani pingili zimeungana, hakuna kijana atakayembishia, nimeliona hilo na linaniuma mpaka leo.

Suala la makundi sasa. Lazima muwe na kundi la mfupa wa nyonga na kundi lililokwanguliwa mfupa tu bila kuwekewa kitu. Na ujue hata mfupa wa nyonga wenyewe kwa sungura unashika kwa kama theluthi mbili tu ya sungura, sio wote, kwa hiyo ukipata wanne kati ya sita wa nyonga na watano kati ya sita wa seramiki yenu bado hujaonyesha chochote, na wale wanyama wamekufa bure. Piga hesabu ya idadi kabla hujaagiza hata sungura mmoja, na wawe wamekomaa, wale wadogo bado wanakua na mfupa wao unaota kirahisi.

Halafu dawa za maumivu. Zile za jamii ya diklofenaki na ketorolaki zinaweza kuzuia mfupa kuunga, ketorolaki ilishaonyesha hivyo kwa sungura hawa hawa, kwa hiyo ukimpa mmoja na mwingine usimpe umeshaharibu jaribio. Sisi tulitumia buprenofini, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, kwa wote, saa zile zile, maana kumwacha mnyama aumie hilo halipo kabisa. Ila buprenofini inaweza kupunguza kasi ya utumbo, na sungura asiyekula siku moja tu anaweza kukufia. Mimi nilikuwa nafika saa kumi na mbili asubuhi, napiga magoti, naangalia kinyesi kwenye trei ya kila kizimba na nyasi zimepungua kiasi gani, na trei ikiwa tupu nampigia daktari wa mifugo hapo hapo, simsubiri profesa aamke.