Sarafu za 200 mfukoni mwa Baba

Niligundua siku nafua. Koti la Baba lilikuwa zito, nikalikung'uta zikamwagika sarafu za 200, zile zenye simba, kumi na saba. Mzee wa miaka 67, mstaafu, chenji yote hiyo ya nini? Mama wa genge ndiye aliyenijibu, huku akijifanya anapanga nyanya: "Baba yako anashinda kwenye dubwi." Ile mashine ya kamari inayomeza sarafu.

Kaka akaitisha kikao. Tukamsema Baba kama mtoto, naye akanyamaza. Kesho yake akahamia mashine ya mtaa wa pili. Aibu tuliyompa ilimfundisha kujificha tu.

Nilianza kumwelewa nilipokwenda kukaa naye palepale. Picha mbili za matunda zikalingana kwenye mashine, ya tatu ikapitiliza kidogo. "Umeona? Nusura!" Mimi niliona 200 imekwenda, yeye aliona bado kidogo. Zamani mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwamba njiwa asiyejua punje itakuja lini hudonoa kwa bidii kuliko anayepewa kila akidonoa. Mashine ile inakula kwa ujanja huohuo.

Ila njiwa hawakunieleza kwa nini Baba alianza uzeeni. Alikuwa fundi mkuu, vijana wakimngoja aseme neno. Akastaafu, kiinua mgongo kikaishia kwenye bati na matibabu ya Mama, kisha Mama akafariki. Nyumbani tulimuuliza jambo moja tu: umekula? Kwenye dubwi wanampisha kiti: "Shikamoo mzee, leo unaifilisi?"

Kwa hiyo kama una mzee wa namna hii, chunguza kwanza alipoteza nini kabla ya pesa. Angalia na dawa zake: baadhi ya dawa za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, kama pramipexole, huweza kuamsha hamu ya kamari. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe, mpeleke kwa daktari. Na deni usimlipie kimyakimya. Nililipa 80,000, wiki mbili baadaye likaja la 120,000.

Kilichosaidia kwetu ni binamu mwenye gereji. Alimwomba Baba awasimamie vijana wake asubuhi tatu kwa wiki, na alimwomba kweli, maana alikuwa na shida ya fundi. Pensheni tukakubaliana naye iingie, nusu niishike mimi.

Jumamosi bado huponyoka. Juzi alirudi na sarafu nne, akazipanga mezani mbele yangu kabla sijauliza.