Maswali na Majibu: Sindano Safarini

Nasafiri kwa basi kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam na ningependa kumalizia sweta la mwanangu njiani. Nichukue sindano gani? (Msomaji wa Pasua, Moshi)

Chukua sindano ya duara, yaani ile yenye ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini, hata kama unachofuma ni kipande bapa cha mgongo. Sindano ndefu za chuma humsumbua abiria wa jirani, na moja ikiponyoka kwenye tuta utaitafuta chini ya viti vya watu, ilhali ya duara huuacha uzito wote wa kazi mapajani. Safari ya kilomita zipatazo 560 si mahali pa kupunguzia vitanzi vya shingo. Beba kipande kilichonyooka, kisichotaka kuhesabiwa, na usishuke kula Korogwe ukiwa katikati ya mstari, kwa sababu hapo ndipo vitanzi huchomoka. Hukuniuliza, lakini nitasema: sweta hupimwa nyumbani. Fuma kipande cha majaribio kinachozidi kidogo sentimita 10 kila upande, kifue, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi. Wengi wanaoniandikia kuhusu masweta yaliyobana ni wale waliokiona kipande hicho kuwa ni kupoteza uzi.

Uzi umeniishia nikiwa Tanga, na niliopata dukani umetofautiana rangi kidogo. Nifanyeje? (Ngarenaro, Arusha)

Swali hili hurudi kila mara, na jibu halibadiliki: karatasi inayofunga donge la uzi ina namba ya rangi pamoja na namba ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja, nanyi huitupa kabla ya kuisoma. Nunueni madonge yote yenye namba zilezile kwa pamoja. Kwa hilo lililokwisha kukupata, tumia uzi mpya kwenye lastiki, yaani kingo zinazovutika, za mikono na shingo, watu wadhani ulikusudia.

Je, nitaruhusiwa kuingia na sindano ndani ya ndege? (Njiro, Arusha)

Mwamuzi ni mkaguzi atakayekuwa mbele yako, si mimi. Beba za mbao au plastiki, fupi, na badala ya mkasi beba kikatio cha kucha, kwa kuwa viwanja vya Ulaya hukataa mkasi wenye makali yanayozidi sentimita 6. Kabla ya kufika kwenye ukaguzi, pitisha uzi mwembamba wa pamba ndani ya vitanzi vyote. Sindano ikichukuliwa, kazi itabaki salama.

Naweza kujifunza kufuma misuko, yaani vitanzi vinavyopishana kama nywele zilizosukwa, nikiwa ndani ya treni?

Hapana.

Nilinunua sweta la mtumba soko la Memorial ili nilifumue nipate uzi wa kufumia njiani kwenda Nairobi, lakini kila nikivuta napata vipande vifupi. (Majengo, Moshi)

Ulilipa kabla ya kuligeuza. Mshono wa ubavuni, kwa ndani, ukiwa umepigwa ovaloki, ujue kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kila mstari una mwanzo na mwisho wake. Tafuta lile ambalo vipande vyake vilifumwa kwa umbo na kuunganishwa ukingo kwa ukingo. La sufu lililogandamana kwa kufuliwa na maji ya moto liache sokoni, halifumuki. Uzi utakaoupata utakuwa umejikunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge, uufue na kuutundika ukiwa na uzito kidogo, siku kadhaa kabla ya safari.

Shikamoo, fundi. Mimi ni mpagazi mlimani. Sweta langu hutoboka viwiko tukiwa njiani, nami hulishona nikirudi, lakini huchanika tena. (Soweto, Moshi)

Marahaba, mwanangu. Usingoje kurudi, kwa maana kitanzi kimoja kikikatika huachia cha chini yake, na tundu huteremka mstari kwa mstari. Ukifika kambi ya Horombo, mita zipatazo 3,720, shika kila kitanzi kilicho wazi kwa pini ya nepi kabla mikono haijafa ganzi. Usilikaushe karibu na jiko, kwani masweta mengi ya sokoni ni ya akriliki, nayo huyeyuka. Linachanika tena kwa sababu unazivuta kingo za tundu zikutane, tena pengine kwa uzi wa cherehani, ambao ni mwembamba na mgumu, hukata ule wa sweta kila unapokunja mkono. Ingiza kikombe ndani ya mkono wa sweta, chukua sindano butu na uzi wa unene uleule, anza sentimita moja nje ya tundu palipo pazima, laza nyuzi za wima bila kuzikaza, kisha pitisha za ulalo juu na chini kwa zamu. Nao waajiri wanaowapandisha vijana wakiwa na fulana za pamba waambiwe: pamba ikilowa haitunzi joto, ilhali sufu hata ikilowa huhifadhi kiasi. Kiraka chako kikizidi ukubwa wa kiganja, kata mkono wote juu ya kiwiko, okota vitanzi, ufume upya kwenda chini.